Maziwa Kwanza, Kisha Operesheni: Kumlea Mtoto Aliyezaliwa na Mdomo Wazi

Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, macho ya kila aliyemo chumbani huenda kwenye ule mpasuko. Mama anajiuliza amekosa nini, bibi anauliza kwa upande wa nani katika ukoo kuna jambo kama hili, majirani wanataka kuja kuona. Mtoto mwenyewe saa hiyo ana haja moja tu, nayo ni kunywa maziwa. Haja hiyo ndiyo inayosahaulika, na kuisahau ndiko kunakoua. Mpasuko hauui. Kinachomaliza watoto hawa ni njaa ya wiki za kwanza, na nimonia inayoingia maziwa yakipotea njia na kwenda mapafuni. Wakati huo watu wazima wanahangaika na habari ya operesheni, ambayo kwa vyovyote haitafanyika leo wala mwezi huu.

Ndiyo maana hapa sehemu kubwa itakuwa ya maziwa. Operesheni nitaifikia, pamoja na mambo yanayoifuata ambayo familia nyingi haziambiwi.

Mpasuko unatokeaje

Uso wa mtoto hutengenezwa mapema sana. Pande za mdomo wa juu hukutana na kuungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, hufuata kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wanawake wengi katika wiki hizo ndio kwanza wanajihisi kwamba huenda ni wajawazito. Pande zisipokutana, mtoto huzaliwa na nafasi palipotakiwa kuwa na muungano. Kwa mwingine ni kipengo kidogo kwenye mdomo, kwa mwingine nafasi inapanda hadi puani, inapasua ufizi na kuendelea nyuma ya kaakaa mpaka kwenye kimeo. Huweza kuwa upande mmoja, mara nyingi wa kushoto, au pande zote mbili. Duniani hutokea kwa mtoto 1 kati ya kila 700 hadi 1,500 hivi, kutegemea mahali na namna ya kuhesabu. Kwa maneno mengine, mkunga aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya wilaya lazima ameshawapokea watoto wa namna hii.

Sababu yake si moja. Kuna mchango wa urithi, na kuna mambo yanayoongeza uwezekano: kuvuta sigara na kunywa pombe wakati wa ujauzito, kisukari ambacho mama alikuwa nacho kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa zikitumika katika miezi mitatu ya kwanza. (Mwenye kifafa asiache dawa zake kwa kusoma hapa. Amwone daktari kabla ya kushika mimba, abadilishiwe kwa utaratibu, kwa sababu degedege la mama nalo ni hatari kwa wote wawili.) Mara nyingi hakuna chochote kinachopatikana cha kunyooshea kidole. Wazazi wazima, mimba iliyolelewa vizuri, na bado mtoto akazaliwa hivyo.

Hakuna anayezaa mtoto mwenye mdomo wazi kwa sababu alimcheka mlemavu, alishika kisu au mkasi mwezi ulipopatwa, alikula nyama fulani au alitoka nje ya ndoa. Nalisema kwa mkazo kwa sababu wapo wanawake walioachwa na waume zao, na watoto waliofichwa chumba cha nyuma mpaka wakadhoofika, kwa ajili ya maneno haya.

Dakika za kwanza

Mkunga ndiye mtu wa kwanza ambaye mama atamtazama usoni, na atakachokiona pale hatakisahau. Yanatosha maneno machache: "Hongera, mama, umepata binti. Mdomo wake haujaunga vizuri, na hili linatibika. Mshike kwanza, halafu tutafanya pamoja namna ya kumnywesha." Mtoto apewe mama kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mtoto mwingine yeyote. Asichukuliwe pembeni, asifunikwe uso. Baba na bibi wakiruhusiwa kuingia, waelezwe hayo hayo na mtu huyo huyo, maana mama akiachiwa kazi ya kueleza peke yake ataonekana anajitetea.

Kuna mtoto mwingine anayehitaji jicho kali zaidi. Mdomo wake ni mzima, uso hauna dosari, lakini kaakaa limepasuka kwa ndani. Huyu hupita wodini bila kugunduliwa, akarudishwa baada ya wiki mbili akiwa amekonda na mama yake ameshaambiwa kuwa hana maziwa ya kutosha. Kumtambua si kazi kubwa. Kila mtoto mchanga apimwe kinywa kwa kidole safi kinachopapasa dari kutoka mbele kwenda nyuma, kisha atazamwe kwa tochi mpaka kimeo kionekane. Kidole peke yake hakitoshi, kwa sababu mpasuko wa sehemu laini ya nyuma hukwepa. Nyumbani, dalili ni hizi: ananyonya muda mrefu bila kushiba, anatoa sauti ya kulamba kama hewa inavuja, maziwa yanatokea puani, haongezeki uzito. Kimeo kilichogawanyika mara mbili nacho ni ishara ya kutaka uchunguzi, hata kama ngozi ya kaakaa inaonekana imefunga, kwa sababu misuli iliyo chini yake inaweza kuwa haijaunga.

Na kama kidevu ni kidogo sana na kimerudi nyuma, mtoto anakoroma, anavuta mbavu ndani au anabadilika rangi kuwa ya samawati, hiyo ni dharura. Ulimi unarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Alazwe kwa tumbo, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Maziwa

Kwanza tutenganishe watoto wa aina mbili. Mwenye mpasuko wa mdomo tu, kaakaa likiwa zima, mara nyingi ananyonya titi. Titi ni laini, linajaza ile nafasi, na mama anaweza kuziba pengo lililobaki kwa kidole gumba. Ajaribiwe mapema, asaidiwe kushika vizuri, apimwe uzito baada ya siku chache. Akiongezeka, hakuna la ziada.

Mwenye kaakaa lililopasuka ni habari nyingine. Ili mtoto anyonye lazima kinywa kifunge na kuvuta. Huyu akivuta, hewa inaingia kupitia puani na mvuto unapotea. Ataonekana ananyonya, midomo inacheza, shavu linasogea, na mama ataamini anakunywa. Baada ya muda atalala kwa uchovu na siyo kwa kushiba. Hapa ndipo nguvu zake chache zinapoishia, na ndipo uzito unapoanza kushuka. Kumwacha titini saa nzima akihangaika ni kumchosha bure. Awekwe titini kwa kupoza na kwa mapenzi, sawa, lakini chakula chake kitoke kwenye kikombe.

Mama aanze kukamua maziwa saa ile ile ya kwanza, au mapema kadiri mwili wake unavyoruhusu, na arudie angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Matiti hutengeneza kadiri yanavyotolewa, kwa hiyo akisubiri "yajae kwanza" yatapungua. Anawe mikono kwa sabuni. Akande titi taratibu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Aweke kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia, abane na kuachia, bila kuteleza juu ya ngozi. Mara ya kwanza yatatoka matone. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, hayatupwi hata tone. Mtiririko ukipungua ahame titi la pili, arudi la kwanza. Dakika 20 hadi 30 ni kawaida. Katika joto letu maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne, na yawe yamefunikwa.

Kiasi gani? Ikifika mwisho wa wiki ya kwanza, mtoto anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 3 basi anahitaji mililita 450. Ukigawa kwa milo 8, kila mlo unakuwa mililita 56, yaani vijiko vya chai 11 hivi, au robo ya kikombe cha chai cha kawaida. Siku za kwanza kabisa tumbo ni dogo na kiasi ni kidogo, kikipanda siku hadi siku. Muuguzi amwandikie mama namba hii kwenye kadi, kwa sababu "mpe maziwa ya kutosha" ni maneno ambayo hayampimii mtu chochote.

Kumnywesha kwa kikombe kuna ufundi wake, na bibi aliyelea watoto kumi anaweza kuwa hajawahi kuuona. Mtoto akae wima mapajani, kichwa na mgongo vimeshikwa na mkono wako, amefungwa kanga ili mikono yake isipige kikombe. Chukua kikombe kidogo kisicho na kingo kali, kijaze nusu, kiegemeze kwenye mdomo wake wa chini na ukiinamishe mpaka maziwa yaguse ukingo, yaguse tu. Usimimine. Subiri. Atanusa, atatoa ulimi, ataanza kuyalamba kwa mwendo wake. Akipumzika, acha kikombe pale pale bila kukiinamisha zaidi. Kumimina ndiko kunakompalia. Kijiko nacho kinafaa, ukikilaza mdomoni na kumwachia kidogo kidogo. Zipo pia chupa laini zinazobonyezwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto hawa, na hospitali zinazotibu mipasuko wakati mwingine huzitoa. Chupa ya kawaida ngumu na chuchu yake haimsaidii, maana inataka mvuto ule ule asiokuwa nao, na kuisafisha ni kazi. Kikombe kinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, kazi ikaisha.

Maziwa yakitokea puani usishtuke. Njia iko wazi, lazima mengine yapite huko. Msimamishe kidogo, mfute, aendelee. Atameza hewa nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo mcheulishe katikati ya mlo na mwisho, na usimlaze kwa muda wa nusu saa hivi. Mlo mzima usizidi dakika 30. Ukizidi hapo mara kwa mara, mtoto anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata, na anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Mzani ndiye shahidi. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini akifikisha wiki mbili awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao, na baada ya hapo aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Apimwe kila wiki katika mwezi wa kwanza, hata kama ratiba ya kliniki inasema mara moja kwa mwezi. Mstari kwenye kadi ukilala, usingoje ushuke. Chanjo zake zote apewe kwa tarehe zake, na alale kwenye chandarua, kwa sababu malaria na upungufu wa damu ndivyo vinavyowarudisha wengi nyumbani siku ya operesheni.

Akifika miezi sita anaanza chakula kama wenzake. Watu humchelewesha kwa huruma, au humpa uji mwepesi kama maji wakidhani utapita kirahisi. Kinyume chake ndicho sahihi: uji mzito, ndizi au parachichi lililopondwa na viazi vilivyosagwa hubaki mdomoni vizuri zaidi, na vina nguvu. Awe wima, kijiko kidogo, na baada ya kula apewe maji kidogo kusuuza njia.

Kimeo na meno ya plastiki

Katika maeneo mengi ya Tanzania na kwa majirani zetu, mtoto anayekohoa, anayepaliwa au asiyekua vizuri hupelekwa kwa fundi akatwe kimeo. Mwingine huchimbuliwa ufizi kutolewa kinachoitwa meno ya plastiki. Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka ana dalili zote hizo, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kupelekwa. Tafadhali asipelekwe. Kile kisu hutoa damu kwa mtoto ambaye hana damu ya kupoteza, huingiza vidudu, na hukata nyama na misuli ambayo daktari ataihitaji kesho kuunda kaakaa linalofanya kazi. Yanayoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno yake halisi. Wazee wanaoshauri haya hawana nia mbaya, wanataka mtoto apone. Waambieni tatizo limeshajulikana ni nini, na kikombe cha maziwa mkononi mwa bibi ni dawa kuliko kisu cha fundi.

Operesheni ya mdomo

Madaktari wana kanuni ya zamani ya makumi matatu: umri wa wiki 10, uzito wa pauni 10, yaani kilo 4.5 hivi, na kiwango cha damu (hemoglobini) kisichopungua gramu 10 kwa desilita. Kwa vitendo, hospitali nyingi hufunga mdomo mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6 na uzito wa kilo 5 hivi au zaidi. Kaakaa hufungwa baadaye, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18. Kwa hiyo mwenye mipasuko yote miwili ana operesheni mbili za kungojea, na wazazi walijue hilo tangu siku ya kwanza.

Gharama huwatisha watu wakakaa nyumbani, nami naomba wasikae. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa 1999, huwezesha madaktari wa hapa hapa na kulipia operesheni katika hospitali linazoshirikiana nazo, na familia haitozwi. Operation Smile, iliyoanza 1982, nayo inatibu watoto katika nchi kadhaa za Afrika, Rwanda ikiwemo. Dar es Salaam wanaenda CCBRT Msasani au Muhimbili, Kanda ya Ziwa Bugando, Mwanza. Kenya wengi hupelekwa Kijabe, Uganda wapo CoRSU ya Kisubi, barabara ya Entebbe. Aliye mbali aanzie zahanati au hospitali ya wilaya aombe barua ya rufaa, na aulize waziwazi mambo matatu: operesheni hulipiwa na nani, nauli na malazi ya mama hulipiwa na nani, na zamu ijayo ya operesheni ni lini. Tanzania, sera ya afya inasamehe malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, na mzazi ana haki ya kulitaja hilo dirishani.

Ujuzi wenyewe si wa jana katika ukanda huu. Madaktari watatu walioanzisha shirika la afya la AMREF mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na safari za ndege za kwenda kutibu vijijini zilianzia kwenye wazo lao. Leo wengi wanaoshika kisu ni madaktari waliosomea hapa hapa kwetu.

Kabla ya kusafiri, mtoto asiwe na homa, kikohozi wala kuhara. Kikohozi kidogo ambacho nyumbani si kitu, chini ya dawa ya usingizi ni hatari. Akiahirishwa, ni kwa usalama wake, omba tarehe mpya kabla hujatoka mlangoni. Siku yenyewe atazuiwa kula na kunywa: chakula na maziwa ya kopo muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji meupe saa 2, au kama daktari wake atakavyoelekeza. Atalia, na utatamani kumpoza kwa tone moja. Usimpe. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Kama mtu mwingine ndiye anayemshika, hakikisha naye anajua.

Daktari hachukui nyama kutoka mahali pengine. Anapanga upya ile ile iliyopo, anaunganisha misuli ya mdomo iliyokuwa imeshikizwa mahali pasipo pake, anaweka sawa pua, kisha anashona ngozi. Huchukua saa moja au mbili hivi. Mama akimwona anapotoka, wakati mwingine hamtambui, maana alishauzoea na kuupenda uso ule wa kwanza. Wapo wanaolia kwa hilo, na si ajabu wala si utovu wa shukrani.

Baada ya operesheni ya mdomo anaweza kunyonya au kunywa kwa kikombe siku hiyo hiyo. Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na pamba safi, kipakwe dawa aliyopewa, mikono ya mtoto izuiwe isifikie mdomo. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na hapo mzazi asikimbilie basi la kurudi kijijini kabla ya kutolewa. Kovu litavimba na kuwa jekundu au jeusi miezi ya mwanzo kabla ya kulainika. Wiki kadhaa baadaye, likishafunga kabisa na daktari akikubali, likandwe kwa mafuta ya kujipaka mara mbili kwa siku, kwa kidole kinachobana kwa nguvu kiasi. Homa, usaha, damu isiyokoma au kukataa kunywa kabisa, arudishwe hospitali bila kungoja kesho.

Kaakaa, na sauti ya mtoto

Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Mdomo umefungwa, picha imepigwa, majirani wamekuja kushangaa, na familia inaona kazi imekwisha. Tundu la ndani halionekani. Mtoto anakula, anacheza, anakua. Anapofika miaka mitatu ndipo wanagundua kwamba hakuna anayemwelewa isipokuwa mama yake.

Kaakaa laini ni mlango. Tunaposema, hunyanyuka na kufunga njia ya puani ili hewa itoke kwa nguvu mdomoni. Mlango usipofunga, herufi zinazotaka nguvu ya hewa, p, b, t, d, k, g, s, sh na ch, hukosa nguvu na hewa hukimbilia puani. Zinazosalimika ni m, n, ny na ng', kwa kuwa hizo kawaida yake ni kupitia puani. Mtoto huyu atasema "mama" na "nyanya" vizuri kabisa, lakini "baba" itatoka kama "mama" nyingine. Mzazi anaweza kumpima mwenyewe: weka kioo kidogo kikavu chini ya pua yake, mwambie aseme "kaka apika papai". Sentensi hiyo haina herufi hata moja ya puani. Kioo kikiingia ukungu, hewa inavuja.

Kuwahi ni muhimu kwa sababu ubongo haungoji. Mtoto asiyeweza kutoa k mahali pake hujifunza kuikwamisha kooni, na akishazoea hivyo, kufunga tundu hakumbadilishi usemi. Inabidi afundishwe upya. Aliyefungwa kaakaa kabla au karibu na mwaka mmoja na nusu ana nafasi nzuri ya kusema kama wenzake. Aliyefungwa akiwa na miaka saba bado atanufaika, chakula na maji havitatokea puani tena, lakini usemi utadai kazi ndefu.

Wataalamu wa usemi ni wachache mno katika nchi zetu, kwa hiyo ukikutana na mmoja muombe akufundishe wewe mzazi cha kufanya nyumbani. Kumpa filimbi au puto apulize ni mchezo tu, haumfundishi kutamka. Kinachomfundisha ni kutamka: uso kwa uso, herufi moja kwa wakati, "pa, pa, pa", kisha "papa", kisha "papai", kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, bila kumzomea akikosea. Wakati mwingine usemi unabaki wa puani hata baada ya mazoezi, au kunabaki kitundu kwenye kaakaa. Hilo hutibiwa kwa operesheni nyingine, na kumrudisha hospitali kwa ajili yake ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Masikio nayo yanakwenda na kaakaa. Misuli ile ile ndiyo inayofungua mrija unaopitisha hewa kwenda sikioni, na usipofunguka vizuri majimaji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto anayeitwa mara tatu ndipo ageuke, au anayetoa usaha sikioni, apimwe usikivu. Wengi waliodhaniwa ni wakaidi au wazito darasani walikuwa hawasikii. Meno yapigwe mswaki tangu linapochomoza la kwanza, hasa yale ya ukingoni mwa mpasuko. Kama ufizi nao ulipasuka, kati ya miaka 8 na 11 huenda akahitaji kuwekewa mfupa kidogo ili jino la chonge lipate pa kuota.

Shule, mimba ijayo, na wale waliochelewa

Kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza, mzazi aende kuonana na mwalimu. Aeleze kwa kifupi mtoto alizaliwaje, ametibiwaje, na kwamba akili yake haina kasoro. Aombe akalishwe mbele, apewe muda wa kujibu, na hali ya mdomo wake isigeuzwe kuwa jina lake. Nyumbani afundishwe jibu fupi la kumpa anayemuuliza: "Nilizaliwa hivi, nikashonwa." Watoto wenzake huridhika upesi kuliko watu wazima.

Wazazi wasio na mpasuko waliopata mtoto mmoja mwenye nao, uwezekano wa anayefuata kuwa hivyo ni kati ya 2 na 5 katika kila 100. Ni mkubwa kuliko wa familia nyingine, lakini watoto zaidi ya 90 kati ya 100 watazaliwa bila mpasuko. Mama aanze vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kwa siku au kiasi ambacho daktari atamwandikia, aache sigara na pombe, na akajifungulie hospitali.

Na wapo watu wazima. Kila tarafa ina mtu anayeficha mdomo kwa ncha ya kanga au kiganja cha mkono, aliyeacha shule mapema, ambaye hajawahi kuambiwa kwamba anaweza kutibiwa. Umri haumzuii. Mtu mzima mara nyingi hushonwa mdomo kwa sindano ya ganzi tu, bila kulazwa usingizi, na baada ya siku moja au mbili huruhusiwa. Mhudumu wa afya wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa anaweza kumwandikisha kwenye zamu ile ile wanayoandikishwa watoto. Kama unamfahamu, nenda kwake ukamweleze mkiwa wawili tu, siyo mbele za watu, na ujitolee kumsindikiza mpaka hospitali.